Jinsi ya kusoma hali ya hewa ya uwanja wa ndege hata kama wewe si rubani

Wiki hii washkaji wawili hapa Temeke wameniuliza swali lile lile: ndege ya ndugu yangu imechelewa, wanasema eti ni hali ya hewa, nitajuaje kama kweli? Jibu lipo mtandaoni, bure, halitaki paswedi. Tatizo limeandikwa kama meseji ya mtu anayeogopa salio lisiishe.

Viwanja vikubwa vya ndege vina watu wa hali ya hewa wanaopima muda wote. Kwetu hiyo ni kazi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (mpaka 2019 iliitwa Wakala). Wanatoa vitu viwili. METAR ni kilichopimwa na kuonekana uwanjani, hutoka kila saa au kila nusu saa. TAF ni utabiri wa uwanja huo, kwa kawaida wa saa 24 au 30 mbele, na hubadilishwa kila baada ya saa 6. Mpangilio ni mmoja dunia nzima, kwa hiyo ukijua kusoma ya Dar umeshajua ya Dubai. Usiichanganye na ule utabiri wa baada ya taarifa ya habari. Hii inahusu uwanja na jirani yake tu. Mvua inaweza kuwa inamwagika Mbagala na ripoti ya uwanjani ikaonyesha pakavu.

Ripoti hizi nchi hubadilishana, ndiyo maana unazipata hata kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, aviationweather.gov. Ukiwa kafe unalipia dakika, achana na ramani, ni nzito. Chagua METAR na TAF za maandishi, andika herufi nne za uwanja. Dar ni HTDA. Siyo DAR, hiyo ni ya tiketi na mabegi. Kilimanjaro HTKJ, Zanzibar HTZA, Mwanza HTMW, Dodoma HTDO. HT ni Tanzania, HK Kenya, HU Uganda.

Utakutana na kitu kama hiki (mfano nimeutunga mwenyewe):

METAR HTDA 140900Z 06012KT 9999 SCT022 31/23 Q1013 NOSIG

14 ni tarehe, 0900Z ni saa, nitairudia. 06012KT: upepo unatoka nyuzi 060, yaani kaskazini mashariki, kwa noti 12, kama kilomita 22 kwa saa. Huo ndio kaskazi wetu wa Desemba mpaka Februari. Kusi ikiingia namba zinageuka. Ndege hupenda kutua zikiukabili upepo, kwa hiyo namba hii inakuonyesha hata upande zitakaokuja. 9999 maana yake unaona mbali kilomita 10 au zaidi. SCT022 ni mawingu ya kutawanyika, futi 2,200 juu ya uwanja. Joto ni nyuzi 31, na 23 ni kiwango ambacho umande unaanza kujitengeneza. Q1013 ni mgandamizo wa hewa. NOSIG: hakuna badiliko kubwa linalotegemewa ndani ya saa 2.

Sasa saa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Ile Z ni saa ya Zulu, yaani ya Greenwich. Tanzania tuko mbele kwa saa 3, hivyo 0900Z ni 12:00 kwenye simu yako. Ila sisi tunahesabu kwa Kiswahili, kwa hiyo kuna njia ya mkato: toa 3. 0900Z ni saa 6 mchana. 1200Z ni saa 9 alasiri. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 1800Z ni saa 3 usiku. Likiwa sifuri au chini ya hapo ongeza 12: 0200Z ni saa 11 alfajiri. Mtu akikuonyesha ripoti ya mvua kuthibitisha ndege imezuiwa, kwanza tazama saa. Pengine ni mvua ya jana.

Kwenye TAF maneno ya kuogopa ni haya: TS ni radi, RA mvua, ikiwa na + mbele ni kubwa. CB ni lile wingu refu la radi ambalo rubani hulikwepa. FG ni ukungu. Ukiona TEMPO 1412/1415 4000 TSRA, soma hivi: tarehe 14, kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni, kuna vipindi vifupi vya mvua ya radi, na kuona kutashuka mpaka mita 4,000. PROB30 ni uwezekano wa asilimia 30. CAVOK ndiyo raha yenyewe, kweupe kabisa.

Sasa basi, ukikuta Dar ni CAVOK usikimbilie kusema shirika limedanganya. Angalia kiwanja inakotoka na inakokwenda, kisha jiulize ndege ile ile asubuhi ilikuwa wapi. Ikikwama Mwanza saa 2, abiria wa Dar watasikia mchana. Na mstari mmoja wa METAR hausemi lolote kuhusu njiani. Ziwa Victoria, kwa mfano, lina tabia ya kupika radi usiku na alfajiri, wakati huku Pwani tumelala.

Nalisema hili kwa sababu ya Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air namba PW494, ATR 42 iliyotoka Dar, iliangukia ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Tangu hapo nikisikia abiria wanamfokea mhudumu kwenye foleni eti mvua gani hii ya kuzuia ndege, nanyamaza tu. Kusubiri saa mbili kwenye kiti cha chuma ni kero, najua, lakini ripoti yenye TSRA na +RA nisingependa mtu airuke kwa sababu mimi nina haraka.

Rubani mwenyewe hategemei tovuti ya kafe, anapewa taarifa rasmi za TMA kabla ya kuruka, pamoja na za upepo wa juu. Hii yetu ni ya kujua tu. Kuna viwanja vidogo vingi havitokei kabisa, ukiandika herufi zake utapata ukurasa mtupu. Hapo jaribu kiwanja cha jirani, ila kumbuka ni cha jirani. Ukikwama na mstari, uweke hapo chini mzima mzima, pamoja na ile Z, tuusome.