Kinu cha Mama na Kamera ya Flaherty

Ndugu msikilizaji, miaka mingi iliyopita nilikwenda kijijini na kinasa sauti begani, kutengeneza kipindi cha maisha ya shamba. Nilitaka mlio wa kinu. Mama mwenye nyumba akacheka: "Mwanangu, siku hizi tunapeleka mahindi mashineni." Nikamsihi atwange hivyo hivyo. Akatwanga, nami nikawatangazia ninyi kwamba ndivyo wanavyoishi.

Nilikikumbuka kinu kile niliposoma habari za Robert Flaherty, Mmarekani aliyepiga picha kaskazini mwa Kanada, katika nchi ya barafu ya Wainuit, ambao wageni waliwaita Waeskimo. Flaherty hakuwa mtu wa masihara. Mwaka 1916 sigara yake iliunguza filamu aliyotoka nayo huko, futi 30,000 hivi zikateketea. Hakukata tamaa. Mwaka 1920 alirudi, akakaa mwaka mzima kwenye pwani ya Ghuba ya Hudson. Filamu yake, Nanook of the North, ilitoka mwaka 1922 ikapata sifa duniani kote.

Lakini ilitengenezwaje? Mwindaji aliyeitwa Nanook, jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Wainuit wa huko walikwisha kuwa na bunduki, ila mbele ya kamera waliwinda kwa chusa. Nyumba ya theluji ilikuwa na giza, basi ikajengwa nyingine kubwa, ikakatwa upande mmoja ili mwanga uingie, na watu "wakalala" humo huku baridi ikiwapiga. Allakariallak anaonekana akiing'ata santuri kama asiyepata kuiona maishani, ilhali gramafoni hakuwa mgeni nayo. Watazamaji wa mijini wakacheka, wakaamini.

Sasa msikilize Mwinuit mwenyewe. Peter Pitseolak alimwona Flaherty tangu utotoni, akaitamani kazi ile. Miaka ya 1940 akapata kamera yake. Picha zake za kwanza alizisafisha ndani ya nyumba ya theluji, akisaidiwa na mkewe Aggeok, kwa mwanga wa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Naye alitaka kuhifadhi maisha ya kale kabla hayajapotea. Lakini aliowapiga picha walikuwa watu wake, na kamera ilikuwa mkononi mwa mwenyeji.

Sisemi picha za Flaherty zitupwe. Zimetunza nyuso ambazo vinginevyo tusingeziona. Tena si kosa kumwomba mtu aonyeshe kazi za babu zake. Kosa ni kuutangazia ulimwengu kwamba hajui nyingine.

Yule mama alinipa vitu viwili siku ile: mlio wa kinu, na kicheko chake pamoja na habari za mashine. Mimi nilirusha hewani kimoja tu. Cha pili nilikifuta kwenye utepe kwa mkono wangu mwenyewe, nacho ndicho kilichokuwa habari.