Nachingwea: Kilichoondoka na Kilichobaki

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike kidogo juu ya historia ya maendeleo ya kwetu Nachingwea, nilikumbuka jambo moja la mwaka 1972. Jumamosi moja jioni tulikuwa na mdahalo bwaloni, nami nilikuwa upande wa waliodai kwamba wilaya haiwezi kuendelea bila reli. Nilisema mengi, nikapigiwa makofi, na upande wetu ukashinda. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Kiegei, nikamsimulia marehemu baba ushindi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Reli hiyo mimi nilikuwa kibarua wake. Lakini mzigo wangu niliubeba kichwani mpaka siku walipoing'oa."

Wakati ule sikumwelewa. Leo, baada ya miaka zaidi ya 50, naandika haya ili nimjibu.

Mji wa Nachingwea ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki, na Serikali ya Uingereza ikalikubali. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ilikuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Jimbo la Kusini. Yalikuja matrekta yaliyosalia vitani, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea miti. Pori likafyekwa, nyumba za Wazungu zikajengwa, uwanja wa ndege ukatengenezwa, na vijana kutoka kila upande wakaja kutafuta kibarua, baba akiwa miongoni mwao.

Hapana haja ya kueleza sana mwisho wake, kwani sote tulifundishwa darasani. Udongo haukuchunguzwa vya kutosha, mashine ziliharibika upesi, na huku Kusini bandari na reli vilikuwa bado vinajengwa wakati mashamba yalipohitaji vifaa. Januari 1951 mpango ulivunjwa. Zilikuwa zimepotea kiasi cha pauni milioni 36. Mabaki yake yalirithiwa baadaye na Shirika la Kilimo la Tanganyika.

Reli nayo ilifika Nachingwea mwishoni mwa mwaka 1949, ikitokea Mkwaya karibu na Lindi, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa kupitia hapo zilikuwa zimekwisha kuwa hadithi. Mwaka 1958 liliongezwa tawi la kwenda Masasi, lakini mzigo haukutosha. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mchanga, reli ilifungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Kwa hiyo mimi katika mdahalo wetu nilikuwa naililia reli iliyokwisha kuja, ikashindwa, ikaondoka. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya karanga za mkoloni. Watu wa Kiegei na vijiji vingine vilivyokuwa mbali nayo hawakuulizwa wana mzigo gani, wala wanaupeleka wapi.

Mara ya pili Nachingwea ilipata jina kwa heshima kubwa. Tangu mwaka 1965 FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo huko, na baada ya Dr. Eduardo Mondlane kuuawa Februari 1969, Samora Machel aliongoza vita akiitegemea sana kambi hiyo. Mei 1975 alivuka Ruvuma kurudi kwao, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Sisi wa Nachingwea tuna haki ya kujivunia jambo hili mpaka tunazeeka. Hata hivyo wapiganaji walipokwenda kwao, ilitubidi tujiulize tena mji wetu unaishi kwa kazi gani.

Mara ya tatu ilikuwa korosho. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vya kubangulia kwa mikopo ya nje, kimojawapo kikiwa Nachingwea. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani zisizofika 20,000. Viwanda vilikuwa tayari, korosho hazikuwapo. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mashambani, na watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, wengi wakiiacha mikorosho yao mbali. Mikorosho ya baba ilibaki mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kijiji kipya. Mwaka wa kwanza alikwenda kuipalilia. Mwaka wa pili alikwenda mara moja. Mwaka wa tatu moto wa porini ulikwenda badala yake.

Sasa niseme juu ya serikali za mitaa, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Mwaka 1969 ushuru wa mazao uliokuwa ukiziendesha halmashauri ulifutwa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka 1995 Ruangwa ikawa wilaya yake yenyewe, na mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Kwa wilaya ya wakulima kama yetu, nguzo kubwa iliyosalia ni ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara.

Tufanye hesabu kama alivyotufundisha mwalimu wetu. Korosho ikiuzwa mnadani kwa shilingi 2,000 kilo moja, ushuru ni shilingi 60. Gunia la kilo 80 linatoa shilingi 4,800. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini hakuna mnunuzi asiyehesabu gharama zake kabla ya kutaja bei. Kwa hiyo kila gunia linalotoka Kiegei limekwisha kuichangia halmashauri, na mwenye gunia ana haki ya kuuliza mchango wake umefanya nini.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Kusini mwaka 2007, mambo yamebadilika. Leo mazao ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale hupigwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI, na ufuta na mbaazi vimeungana na korosho. Mfumo una dosari zake, na kangomba bado ipo, maana mwenye njaa hawezi kungoja mnada. Soko la nje nalo hutikisika: Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ilianguka huku kwetu. Lakini msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 300,000, nazo zilitoka kwa wakulima wengi wenye mashamba madogo. Pauni milioni 36 hazikuweza kufanya hivyo kwa karanga.

Wenzetu wa Ruangwa wanatutania kwamba wao wamepata lami ya kutoka Nanganga, na timu ya Namungo katika Ligi Kuu. Sisi tunawajibu kwamba tuna nikeli ya Ntaka. Mimi utani huo unanichekesha na kunitia hofu pia. Leseni ya Ntaka imekwisha kuleta shauri la kimataifa, na mwaka 2024 Serikali ilikubali kulipa dola milioni 90 ili limalizike. Madini yakichimbwa tutashukuru. Lakini mwanafunzi wa leo asisimame bwaloni akasema hatuwezi kuendelea bila nikeli, kama nilivyosema mimi juu ya reli.

Nikiulizwa nini kitangulie katika bajeti, nitajibu: ghala karibu na mkulima, salfa ifike kabla ya mikorosho kutoa maua, bwana shamba mwenye pikipiki yenye mafuta, na barabara ipitikayo masika. Tangu 2017 barabara za vijijini zimo mikononi mwa TARURA, kwa hiyo diwani hana budi kuzidai huko bila kuchoka. Majengo ya ofisi yafuate.

Wala sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka 1991 baba, akiwa amepanda mikorosho mipya karibu na nyumba, aliniandikia nimtumie fedha za salfa. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na cheo, nikaona haya kumtumia mzee wangu unga wa dawa. Nilimnunulia redio kubwa ya kaseti. Alinishukuru sana, akaiweka mezani, na msimu ule ubwiriunga ulikula maua yote. Nilidhani nimempelekea maendeleo.

Ndugu zangu, wengi wetu sasa ni wastaafu na tumerudi vijijini. Tuhudhurie mikutano mikuu ya vijiji vyetu, tuombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na tuwasaidie wasioweza kuifuata hesabu. Shule yetu ilitufundisha hesabu hizo bila ada. Nawatakieni mkutano mwema, na atakayepita Kiegei asiache kubisha hodi.