Kifungu Kilichowanyima Wanawake Mahakama

Siku ya kwanza kazini, mwajiriwa mpya nchini Marekani huwekewa rundo la karatasi. Anasaini huku, anasaini kule, apate kuanza kazi. Mara nyingi humo ndani mna kifungu kinachosema kwamba ugomvi wowote na mwajiri hautafika mahakamani, utaamuliwa faraghani na msuluhishi. Kwa miaka mingi kifungu hicho kiliwabana hata waliobakwa au kushikwashikwa na wakubwa wao. Jaji hayupo, mwandishi wa habari hayupo, na jirani wa dawati la pili hajui kwamba mtu yuleyule alishalalamikiwa.

Chanzo ni sheria ya usuluhishi ya 1925, iliyotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara waliotaka kumaliza migogoro yao upesi. Sheria hiyo iliwaacha nje mabaharia, wafanyakazi wa reli na wengine wa biashara inayovuka majimbo. Lakini mwaka 2001, katika kesi ya Circuit City, majaji 5 wa Mahakama ya Juu dhidi ya 4 waliamua kwamba waliosamehewa ni wa usafirishaji tu. Kwangu mimi, hapo ndipo komeo lilipotiwa.

Julai 2016 mtangazaji Gretchen Carlson alipata upenyo. Mkataba wake na Fox News ulikuwa na kifungu hicho, basi hakuishitaki kampuni. Alimshitaki bosi wake, Roger Ailes, yeye mwenyewe, kwa unyanyasaji wa kingono. Mawakili wa Ailes walihangaika kuipeleka kesi faraghani, lakini habari ilikwisha kuenea. Ailes alikana tuhuma, ila mwezi haukuisha akajiuzulu.

Desemba 2017, vuguvugu la MeToo la kupinga unyanyasaji huo likiwa limepamba moto, Kirsten Gillibrand wa Democratic na Lindsey Graham wa Republican walipeleka Seneti muswada wa kuwaondolea kifungu hicho wanaolalamikia unyanyasaji wa kingono. Ulikaa miaka minne. Februari 2022 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 335 dhidi ya 97, Seneti ikafuata, na Machi 3 Rais Joe Biden akautia saini.

Sasa mlalamikaji ndiye anayechagua: mahakama au msuluhishi, hata kama alisaini.

Anayelalamikia mshahara au ubaguzi wa rangi peke yake hakuguswa na sheria hiyo. Muswada wa kumkomboa yeye ulipita Baraza la Wawakilishi mwezi huohuo wa Machi 2022. Seneti haikuupitisha.