Mierezi ya Wajukuu

Wageni wanaokuja kupiga mahema kwetu, katika milima ya Shimane magharibi mwa Japani, hudhani tumeingia msitu wa kale na panga. Huwa nawaonyesha mierezi iliyo nyuma ya nyumba. Imesimama kwa mistari kama watoto wa shule kwenye gwaride. Msitu wa kale haujipangi hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ilikuwa imeungua na mbao zilitakiwa kila mahali. Serikali ikahimiza misitu ya asili ikatwe, ipandwe miti ya sugi na hinoki. Leo misitu ya kupandwa ni kama hekta milioni 10, takribani asilimia 40 ya misitu yote ya Japani. Mkulima alipanda kama mtu anayeweka akiba benki: miaka 40 au 50 baadaye wajukuu wangevuna. Lakini kufikia mwaka 1964 milango ilikuwa imefunguliwa kwa mbao za nje, na kadiri miaka ilivyokwenda bei ikashuka hata ikawa hailipi kuukata mti na kuushusha mlimani. Akiba ikabaki imesimama.

Basi kila kichaka tunachofyeka kina umri wake. Kile kilichomeza tanuri la mkaa kilianza pale gesi ya mtungi ilipofika majikoni. Mianzi ilipandwa kwa ajili ya machipukizi yake ya kula, na kwa vikapu. Plastiki ilipochukua nafasi ya vikapu na machipukizi ya bei rahisi yalipokuja kutoka China, haikuwa na mtu wa kuizuia. Matuta ya mpunga nayo yana historia ya ajabu zaidi: kuanzia mwaka 1970 serikali, ikiwa na mchele wa ziada, iliwalipa wakulima ili wapunguze kulima. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1952 bado inayahesabu kuwa shamba, kwa hiyo huwezi kusimamisha hema pale bila kibali, ingawa limejaa magugu kuliko kimo chako.

Na watu? Theluji kubwa ya mwaka 1963 ilivifungia vijiji vya milima hii, na baadaye familia nzima nzima zikahamia mijini. Sensa ya makazi ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchini. Yetu ilikuwa mojawapo.

Aliyetuuzia ana miaka 86, namwita babu. Bei hakuijadili sana. Alitaka njia ya kwenda makaburini isafishwe kila Agosti, kabla ya Obon, siku ambazo roho za wazee hurudi nyumbani. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa mierezi, kwa sababu aliipanda na baba yake akiwa kijana wa miaka 17, nasi tulitaka kuipunguza: chini yake hakuoti kitu, na mahema hukaa na unyevu hadi saa nne asubuhi. Mwenzangu alisema ardhi ni yetu sasa, tukate. Kisheria alikuwa sahihi. Mimi nilimpigia babu simu.

Alipanda mlima mwenyewe, na fimbo, akiwa na utepe mwekundu mfukoni. Alifunga miti 19 ya kukatwa, polepole, akiigonga mmoja mmoja kwa kiganja. Halafu akarudi nyuma, akaufungua mmoja.