Bodi ya Wissmann

Kila mtaa una kijana aliyewahi kuchekwa kwa ajili ya skrepa. Anakokota bodi ya Land Rover ya zamani, haina injini, haina vioo, kuku wametagia kwenye siti. Anaipandisha juu ya matofali uani. Mama mtu anagomba, majirani wanauliza kama banda jipya limeshapata paa. Yeye kimya. Wenzake wanaona kutu, yeye anaona gari linaondoka.

Ndugu msomaji, Ziwa Nyasa nalo lina kisa cha bodi ya namna hiyo. Hiyo haikuwa ya gari bali ya meli, na sehemu ya kisa chake imelala huku kwetu Kyela.

Kwanza tuelewane kuhusu njia. Meli ya baharini haiwezi kuingia Nyasa. Mto Shire unatoka ziwani na kwenda kuungana na Zambezi, lakini katikati yake yapo maporomoko ambayo hakuna chombo kinachoyapanda. Kwa hiyo aliyetaka meli ya chuma ziwani aliikata vipande Ulaya, akaipakia kwenye merikebu, akapanda nayo mito mpaka chini ya maporomoko. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya vichwa na mabega ya watu. Wamisionari wa Kiskoti walifanya hivyo mwaka 1875 na meli yao ndogo Ilala. Wapagazi karibu 800 ndio waliokwepesha vipande vyake nchi kavu.

Wajerumani wakafuata njia ile ile. Fedha za meli yao zilichangwa kwao kwa bahati nasibu, ati za kupiga vita biashara ya utumwa. Meli ikapewa jina la Hermann von Wissmann. Mwambao walimjua vizuri bwana huyo. Ndiye aliyeongoza vita vya kumzima Abushiri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mtu huyo huyo ndiye aliyeuleta msafara wa meli. Vipande vikaungwa Mpimbi, kando ya Shire, juu ya maporomoko, na mwaka 1893 meli ikaelea.

Ikashika njia ya kaskazini mpaka mwisho wa maji. Huko, kwenye ghuba ya Rumbira, upande wa Ikombe na Matema, Wajerumani walikuwa wamefungua kituo chao cha Langenburg. Baadaye boma likahamia juu mlimani, mahali tunapopaita Tukuyu leo, likaitwa Langenburg Mpya. Lakini meli ilibaki ziwani, na kwa miaka ishirini moshi wake ulikuwa ndio moshi wa serikali.

Unataka kujua uzito wa kazi ile? Chukua meli nyingine ya ziwa hili, Chauncy Maples, iliyoletwa na misheni ya UMCA. Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, ikafika ikiwa vipande 3,481. Boila lake lilikuwa na uzito wa tani 11, halikugawanyika. Wakaliweka juu ya magurudumu, na Wangoni 450 wakalivuta kwa kamba kiasi cha kilomita 100, bara bila lami. Siku nzima ya jasho iliwapa kilomita tano tu. Meli ilishuka majini mwaka 1901.

Sasa turudi kwa Wissmann. Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwenye chelezo, inatengenezwa, huko Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo. Tarehe 13 ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, ikapiga mzinga. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajasikia kwamba kuna vita. Kapteni wa Kiingereza, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Berndt alijitupa kwenye mtumbwi akaenda kufoka, akakamatwa. Waingereza hawakuichukua meli. Walifungua sehemu muhimu za injini, wakaondoka nazo. Fundi yeyote wa gereji atakwambia hiyo maana yake nini: umeachiwa bodi. Mei 1915 walirudi, wakailipua kwa baruti isije ikafufuka mikononi mwa adui.

Ilifufuka. Waingereza wenyewe waliirudia, wakaitengeneza, ikaelea, wakaipa jina la mfalme wao: King George V. Jirani yake wa Ziwa Tanganyika, Graf von Goetzen, alipitia tanuri lile lile. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mashine zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hiyo dunia nzima inaijua. Ya Nyasa ni wachache wanaoikumbuka, hata huku ufukweni.

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Mimi nasema ya kale yana mwenyewe, na swali ni nani. Meli moja ilibeba jina la kamanda, kisha jina la mfalme. Kila aliyeshinda alishika brashi akaandika ubavuni. Hadithi inayosimuliwa kila siku ni ya makapteni wawili walevi, na kweli inachekesha. Lakini kapteni hakubeba bamba hata moja kichwani. Waliobeba wametajwa kwa hesabu tu: 800, 450. Hesabu haina mke, haina mtoto, haiumwi shingo usiku.

Nasema haya kwa sababu kazi ile haijakoma. Pale Itungi, kilomita chache kutoka Kyela mjini, kampuni ya Songoro ya Mwanza ilijenga meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilizokamilika mwaka 2017, kila moja ya tani 1,000. Ikafuata MV Mbeya II ya abiria 200. Safari hii chuma kilichomelewa papo hapo, na kampuni ya Kitanzania. Ubavuni yameandikwa majina ya mikoa yetu. Ni hatua kubwa, jamani. Ila mchomeleaji jina lake liko wapi?

Wewe unayejifunza kuandika, usingoje mzungu aje atunge kitabu. Chukua daftari, nenda Itungi, nenda Matema, nenda gereji ya mtaani kwenu. Muulize fundi anaitwa nani, alijifunza kwa nani, na chuma kile kilimuunguza wapi. Andika kabla rangi haijakauka.