Elfu Moja ya Nia Njema: Malipo Madogo na Ufufuaji wa Madeni ya Kale

"Dawa ya deni ni kulipa." Methali hii imekuwa kitendea kazi cha mawakala wa kudai madeni, na baadhi ya waandishi wetu wa masuala ya fedha huirudia kana kwamba ni kifungu cha sheria. Makala hii inadai kinyume chake: kwa deni la kale la kadi ya mkopo, hasa lililouzwa au kukabidhiwa mdai mwingine, kulipa kidogo kunaweza kumletea mdaiwa hasara kubwa kuliko kutolipa kabisa. Sitetei ukwepaji. Ninachosema ni kwamba sheria, jinsi ilivyoandikwa, humwadhibu anayejikongoja.

Kwamba madai ya mkataba yana kikomo, hakuna anayebisha. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya Kenya, Sura ya 22, kinatoa miaka 6. Ubishi unaanzia kifungu cha 23(3): mdaiwa akilikiri deni, au akilipa chochote kwa ajili yake, haki ya kushtaki huhesabiwa kuwa imezaliwa siku hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa Kathiani, Ukambani, aliacha kulipia kadi yake Machi 2017, salio likiwa shilingi 80,000. Machi 2023 miaka 6 ikatimia. Mwaka 2024 anapigiwa simu na mtu asiyemjua: "Mwalimu, tuma hata elfu moja tu, ofisi ione una nia njema." Anatuma. Kukiri deni, kwa mujibu wa kifungu cha 24, sharti kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Malipo hayadai sahihi, na M-Pesa huyawekea tarehe na saa. Kwa usomaji wangu, mwalimu huyo amemnunulia mdai muda hadi 2030, na si wa elfu moja bali wa salio zima.

Wapo mawakili watakaosema kwamba kifungu hicho hurefusha muda ulio hai tu, na kwamba uliokwisha haurudi. Ningependa wawe sahihi, lakini maneno ya kifungu hayatofautishi, na historia haiwasaidii. Sheria yetu iliigwa kutoka ile ya Uingereza ya 1939, ambayo chini yake deni lililopitwa na muda liliweza kufufuliwa. Waingereza wenyewe waliufunga mlango huo mwaka 1980: kifungu cha 29(7) cha sheria yao mpya kinatamka kwamba haki iliyokwisha haifufuliwi kwa kukiri wala kwa malipo. Sisi tumebaki na nakala ya kitu ambacho mwenyewe alikitupa.

Faida ya ufufuo huu ni ya nani? Tume ya Biashara ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2013, ilikuta kwamba wanunuzi wakubwa wa madeni walilipa kwa wastani senti 4 kwa kila dola ya deni, na madeni makuukuu yaliuzwa kwa bei ya chini zaidi. Hapa kwetu benki hupenda zaidi kumpa wakala deni kwa kamisheni kuliko kuliuza, kwa hiyo hesabu hiyo haihamishiki yote. Hata hivyo motisha ni ileile: aliyeshika deni kuukuu hahitaji kulipwa lote ili apate faida.

Pingamizi zito zaidi halitoki benki. Linatoka Ukambani kwenyewe: mbuzi wa ntheo, wale wa ndoa ya kimila, hudaiwa hata baada ya miaka mingi, pengine hata penye mazishi, na hakuna mzee wa Machakos atakayekubali kwamba kalenda imelifuta deni lao. Sawa. Lakini deni hilo liko kati ya nyumba mbili zinazojuana, lina mashahidi, na halina soko. Anayempigia mwalimu simu hana hata kimoja kati ya hivyo, ila jina na namba kwenye orodha. Ndiyo maana kumwomba hati ya kuhamishiwa deni, au barua ya uwakala pamoja na taarifa ya akaunti, si ukaidi. Kifungu cha 24 chenyewe kinataka malipo yawe yamefanywa kwa mwenye dai au wakala wake. Aidha, mnunuzi hapati haki pana kuliko za muuzaji: kikomo cha riba cha kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, hakifutiki kwa sababu deni limebadilisha mikono.

Hoja ya wenye benki, kwamba kulinda madeni ya kale kutapandisha riba kwa walipaji wema, sioni inavyosimama. Miaka 6 ni mingi kwa taasisi yenye mawakili, na tangu 2021 Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi milioni moja.

Bunge liongeze kifungu kidogo kimoja, kwa mfano wa kile cha 1980, na sehemu kubwa ya biashara hii itakauka. Sehemu, si yote, kwa kuwa ukomo wa muda ni utetezi ambao mdaiwa mwenyewe sharti auwasilishe. Akipokea hati ya kuitwa mahakamani akaipuuza, kwa kuamini kwamba deni limeshakufa, hukumu inaweza kutolewa bila yeye. Na hukumu, chini ya kifungu hichohicho cha 4, huishi miaka 12.