Sadaka na Siku Arobaini: Jinsi Wakristo wa Kale Walivyojitayarisha kwa Pasaka

Mwanafunzi wa Kiswahili aanzapo kusoma maandiko ya Kikristo, hukutana mapema na neno sadaka, na mara nyingi humtatiza. Ukurasa mmoja humwonyesha sadaka ikiteketezwa juu ya madhabahu; ukurasa wa pili humwambia kwamba sadaka ni kile apewacho maskini mlangoni. Kigiriki cha Agano Jipya kina maneno mawili mbalimbali kwa mambo hayo. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ambayo imesomwa na Waswahili wengi kuliko nyingine yoyote, mara nyingi imetumia neno moja kwa yote mawili. Je, watafsiri walipungukiwa na msamiati? Sisi tunaona sivyo. Neno hili la Kiarabu lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa Waislamu wa pwani kwa karne nyingi, nalo lilimaanisha kitu atoacho mtu kwa hiari yake kwa ajili ya Mungu, hasa kwa kumsaidia mhitaji. Watafsiri walilikuta neno limeunganisha madhabahu na mlango wa maskini, wakaliacha hivyo. Tukichungua historia ya matayarisho ya Pasaka, tutaona kwamba kwa kufanya hivyo walikaribia sana mawazo ya Wakristo wa kwanza.

Matayarisho hayo hayakuanza kwa siku arobaini. Yapata mwaka 190 Ireneo, askofu wa Lyon, alimwandikia askofu wa Roma kwamba wengine walifunga siku moja kabla ya Pasaka, wengine siku mbili, wengine zaidi, na wengine saa arobaini mfululizo. Tena wote waliishi kwa amani pamoja na tofauti zao. Katika karne hiyo hiyo ya 2, kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichopendwa sana na Wakristo wa Roma, kilitoa maagizo mepesi kueleweka na mazito kutenda. Afungaye na akadirie gharama ya chakula ambacho angalikula siku ile, kisha ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Njaa isiyomshibisha mtu mwingine haikuhesabiwa kuwa imekamilika.

Siku arobaini zinatajwa katika kanuni za Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, na ndizo zilizolipa majira haya jina lake. Kwaresima asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya “ya arobaini”. Hata hivyo desturi haikuenea kila mahali kwa mara moja. Athanasio, askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328 hadi 373, alilazimika kuwahimiza Wakristo wa Misri wafunge siku hizo kama wenzao, wasije wakachekwa kwamba dunia nzima inafunga nao peke yao wanakula. Wala hesabu haikuwa moja. Wakristo wa Ethiopia hufunga siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai, na mfungo wao unaendelea hata leo.

Lakini siku hizo zilikuwa za nani hasa? Jibu tunalipata kwa mwanamke mmoja msafiri, Egeria, aliyekaa Yerusalemu yapata miaka ya 381 hadi 384 na kuwaandikia dada zake aliowaacha mbali magharibi. Anasimulia kwamba mwanzoni mwa mfungo, waliotaka kubatizwa wakati wa Pasaka waliandikisha majina yao. Kesho yake askofu aliketi mbele ya watu, nao wakaletwa mmoja mmoja. Askofu hakuanza kwa kuwauliza wao wenyewe. Aliwauliza majirani zao: Je, mtu huyu anaishi vema? Anawaheshimu wazazi wake? Si mlevi? Aliyeonekana ana kasoro aliambiwa aende akajirekebishe kwanza. Waliokubaliwa walifundishwa kila siku kwa muda wa saa tatu, kuanzia Kitabu cha Mwanzo, huku Wakristo wazima wakifunga na kusali pamoja nao. Basi Kwaresima ilikuwa darasa, na mji mzima uliwasindikiza wanafunzi.

Kuna jambo jingine katika maelezo ya Egeria ambalo sisi walimu wa lugha tusingependa lipite. Askofu wa Yerusalemu alisema Kigiriki siku zote. Kando yake alisimama padri aliyeyageuza maneno yake katika Kisiria, ili wenyeji wafahamu. Na waliojua Kilatini tu walikuwa na ndugu wa kuwaeleza. Hakuna aliyeachwa nje ya Pasaka kwa sababu ya lugha yake.

Hali iliyofanana na hiyo ilitokea karibu na kwetu miaka 1,500 baadaye. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879. Kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoeleka katika jumba la Kabaka, Kiswahili kilieleweka pale, nacho kilitumika katika mafundisho ya kwanza kabla Kiganda hakijaandikwa vya kutosha. Walioingia katika dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hata leo kitenzi okusoma katika Kiganda kina maana ya kusoma, na vilevile ya kwenda kusali. Kama sadaka ilivyounganisha madhabahu na maskini, neno hili liliunganisha kitabu na ibada.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alitaka desturi ya kale ifufuliwe: mtu asibatizwe kabla ya kutayarishwa kwa miaka minne. Hata hivyo wakatekumeni wanne wa kwanza walibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 27 Machi 1880, mapadri wakiwa na miezi kumi na mitatu tu katika nchi. Je, haraka ile ilikuwa kosa? Historia ilitoa jibu lake. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadri waliondoka Buganda, wasirudi mpaka mwaka 1885. Katika muda huo Wakristo wenyewe walifundishana na kusali pamoja.

Kisha ukaja mwaka 1886. Pasaka ilikuwa tarehe 25 Aprili. Mwezi mmoja baadaye, huko Munyonyo, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walijua kwamba kifo kimekaribia. Karoli Lwanga, mkuu wao, aliyebatizwa miezi michache tu nyuma, aliwabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, na Kizito, mdogo wao, akiwa mmojawapo. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa, walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Majira ya Pasaka yalikuwa hayajamalizika. Vijana hao hawakupata Kwaresima ya pili ya kujitayarisha. Waliyotoa yalikuwa yametayarishwa katika kusoma, kusali na kufundishana kwa siri.

Tangu mwaka 1966 Kanisa Katoliki limebakiza siku mbili tu za kufunga kwa lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, huku likiwahimiza waamini kuongeza matendo ya huruma. Wako walionung'unika kwamba dini imelegezwa. Kwa upande wetu tunadhani kwamba tarakimu za siku zimebadilika tangu zamani za Ireneo, na kwamba lililodumu ni swali la Herma: chakula usichokula kimekwenda kwa nani?

Mwalimu afundishapo neno kufunga, huwaonyesha wanafunzi maana zake zote: twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga Kwaresima au Ramadhani. Tungependa asiishie hapo, bali aliweke neno sadaka kando yake, na kuwauliza wanafunzi wake, wawe wa dini yo yote, kwa nini wazee walitaka mkono ufunguliwe siku ile ile kinywa kinapofungwa.